Fundi Alipwe kwa Kuangalia

Kuna neno moja limezoeleka sana hapa Dar es Salaam hata limekuwa kama sheria: kwamba gari la mtumba ni mgeni asiyeshiba, ukimkaribisha nyumbani atakula akiba, atakula ada za watoto, kisha atakula na jina lako. Mtu aliyekuwa akiendesha gari mwaka jana akionekana mwaka huu amesimama kituoni akingoja daladala, hahitaji kueleza mengi. "Magari haya ya mtumba, bwana," anasema, na waliomzunguka wanatikisa vichwa kama walio matangani. Hakuna anayeuliza marehemu aliugua nini, wala nani alimtibu.

Mimi nataka kuuliza. Nimekuwa na gari la mtumba tangu mwaka 2008, nimeweka daftari la kila shilingi iliyoingia ndani yake, na nimepitia risiti za majirani na jamaa ambao magari yao yaliwashinda. Jibu nililolipata halipendezi. Kilichowamaliza wengi wao si ukongwe wa gari. Ni kwamba sisi wenye magari tuko tayari kununua chuma cha kila namna, lakini hatuko tayari kumlipa mtu atuambie ni chuma gani kilichoharibika. Mkono wa fundi tunaulipia, jicho lake tunalitaka bure.

Nitazungumzia gari moja tu, maana kuyazungumzia magari yote ni kutozungumzia lolote. Ni Toyota Corolla ile tunayoiita mia na kumi, saluni ndogo ya milango minne iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1995 na kuachiwa nafasi na umbo jipya mwaka 2000. Wengi waliowahi kupanda teksi katika mji huu wameipanda. Injini yake inayojulikana zaidi huku ni 5A-FE, ya sentimita za ujazo 1,498, yenye silinda 4 na valvu 16, ambayo chini ni chuma cha kusubu na juu, yaani silinda hedi, ni aluminiamu. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo la metali mbili, kwani nitalirudia.

Gari hili halikuletwa kwetu likiwa maiti. Huko Japani gari dogo la binafsi hukaguliwa kwa lazima linapotimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo ni wa gharama kubwa. Ni sababu mojawapo inayowafanya wenyeji waachane na magari yao yakiwa bado na nguvu. Basi tunapokea gari lililotunzwa miaka 10 kwa utaratibu, tunalimaliza kwa miaka 3 bila utaratibu, halafu tunasema Wajapani wametuuzia takataka.

Nieleze kisa kimoja kwa urefu, maana ndani yake yamo yote.

Jirani yangu mmoja, mama muuguzi, alikuwa na Corolla ya aina hiyo. Asubuhi moja wakati wa mvua za masika ikaanza kumisi: inatetemeka ikiwa imesimama, inakosa nguvu, inakohoa inapopanda mlima mdogo tu. Akaipeleka gereji ya chini ya mwembe iliyo karibu na kwake. Fundi hakufungua boneti. Aliisikiliza akiwa amekaa, akasema, "Plagi hizo, mama." Plagi nne, shilingi 48,000. Gari likatulia siku mbili, likaanza tena. "Basi ni waya za plagi." Shilingi 60,000, gari likatulia wiki moja. Baada ya hapo ikawa distributa, ya mtumba, shilingi 180,000. Halafu pampu ya petroli, shilingi 120,000. Mwisho likatajwa lile neno ambalo fundi hulitaja akiishiwa: kontroli boksi. Shilingi 250,000, na kila safari ufundi wake kando, jumla 140,000. Ukijumlisha utapata shilingi 798,000, na gari lilikuwa linamisi vilevile kama siku ya kwanza.

Mama yule alikuwa amekwisha pata mteja wa kulinunua kwa bei ya kutupa. Nilimwomba asubiri siku moja, nikampeleka kwa mzee mmoja fundi wa zamani pale Ilala. Mzee alifungua boneti, akawasha injini, akasikiliza. Akaizima. Akachomoa waya wa plagi ya kwanza na kuutazama ncha yake. Ulitoka umelowa oili nyeusi. Akachomoa wa pili, nao hivyohivyo. Akafuta mikono.

Katika injini hii plagi zimekaa chini kabisa, ndani ya mashimo marefu yaliyo katikati ya kile kifuniko cha juu kinachofunika valvu. Kila shimo limezungushiwa mpira wa duara unaozuia oili isiingie. Mipira hiyo ikipikwa na joto kwa miaka 15 au 20 inakauka na kuwa migumu kama kifuu, oili inapenya kidogo kidogo, inajaa shimoni, na cheche ya umeme inapata njia nyingine ya kupita badala ya kufika ndani ya silinda. Ndiyo maana kila mara plagi au waya zilipobadilishwa gari lilitulia: si kwa sababu ya kifaa kipya, bali kwa sababu fundi, katika kuchomoa na kuchomeka, alikuwa amefuta ile oili. Kisha ilijaa tena. Mipira minne na gasketi ya kifuniko vilipatikana Gerezani kwa shilingi 35,000. Ufundi, 25,000. Na mzee akasema, "Na elfu kumi ya kuangalia."

Hapo ndipo yule kaka yake mama, ambaye alikuwa amefuatana nasi, alipokuja juu. "Elfu kumi ya nini, mzee wangu? Umeangalia tu!"

Umeangalia tu! Dada yake alikuwa amekwisha toa karibu laki nane kwa mtu ambaye hakuangalia, na hakuna aliyemgombeza. Sasa ametokea mmoja aliyeangalia, akaona, akamaliza, na ni huyo anayeonekana mwizi.

Sitaki nieleweke kwamba yule fundi wa mwembeni alikuwa mjinga. Mafundi wengi tunaowaita wajinga wanajua zaidi ya wanavyotuonyesha. Kila alipochomoa zile waya aliiona oili, haiwezekani asiione. Lakini hebu tazama jinsi tulivyompangia mshahara. Analipwa pale tu kitu kinapofunguliwa na kingine kufungwa mahali pake. Tena ufundi wenyewe tunaupunguza kwa kubembelezana mpaka unabaki nauli, kwa hiyo riziki yake halisi ipo dukani, katika kile kinachoitwa cha juu, yaani zile elfu tano au kumi anazoongezewa na muuza spea kwa kumletea mteja. Akikaa saa nzima akitafuta, kisha akagundua kwamba hakuna cha kununua bali waya umelegea, amekula hasara. Atakaza waya huo, utamwambia "Mungu akubariki fundi," utaondoka. Watoto wake hawali baraka. Mtu wa namna hiyo, hata angekuwa malaika, baada ya mwaka mmoja angejifunza kubahatisha.

Daktari tunamlipa kwa kutazama. Hospitali unalipa kumwona, unalipa maabara, na hujapewa hata kidonge kimoja, wala hugombi. Mwanasheria ukimsimulia tu habari zako anakuandikia ankara. Kwa fundi wa gari peke yake tunadhani akili ni kitu kinachokuja pamoja na spana.

Nenda sasa kwenye ugonjwa ulioua Corolla nyingi kuliko mwingine wowote, nao ni kuchemsha. Hapa ndipo ubahatishaji umegeuzwa kuwa elimu inayorithishwa kutoka gereji hadi gereji. Gari likichemsha, jambo la kwanza ambalo fundi wetu hulifanya ni kutoa themostati na kuitupa. "Hii ni ya nchi za baridi," atakuambia kwa uhakika kabisa, na atakurudishia kama zawadi, uiweke nyumbani.

Themostati ni kijilango kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi. Katika magari haya hufunguka karibu na nyuzi 82 za sentigredi. Dar es Salaam haina barafu, ni kweli, lakini hata siku ya jua kali la Februari hewa yetu haifiki nyuzi 40. Kwa injini inayotaka nyuzi 80 na kitu, Dar es Salaam nayo ni nchi ya baridi. Ukiitoa themostati, injini inachelewa kupata moto, mtambo unaopima petroli unaambiwa kwamba injini bado ni baridi na unaendelea kumwaga petroli nyingi, na oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu uliomo, ndiyo ile tope ya rangi ya kahawa unayoikuta ndani ya kifuniko. Tena katika injini nyingi kijilango hiki kikifunguka ndicho kinachoziba ile njia ya mkato ambayo maji hupita bila kwenda kwenye rejeta. Kisipokuwapo, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka humohumo injinini. Siku ya safari ndefu yenye mlima na mizigo, gari lisilo na themostati linaweza kuchemsha kuliko lenye themostati. Fundi akiona hivyo husema, "Rejeta imekufa."

Rejeta ikinunuliwa, kifuniko chake hakinunuliwi, au kinanunuliwa chochote kinachoingia. Juu ya kifuniko cha asili imeandikwa namba, kwa magari haya aghalabu 0.9. Namba hiyo ni shinikizo ambalo kifuniko kinalizuia, na si pambo. Chini ya shinikizo hilo, maji ambayo yangechemka kwa nyuzi 100 hapa pwani hayachemki mpaka yakaribie 120. Kifuniko ambacho springi yake imechoka hurudisha kiwango hicho chini. Na ukiwa Mbeya, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya sufuriani huchemka karibu na nyuzi 94 au 95, hali ni mbaya zaidi. Kifuniko kipya nilikinunua kwa shilingi 15,000. Sijapata kuona mtu akimwambia fundi, "Nipimie kifuniko."

Kisha maji yenyewe. Tunatia ya bomba, tunatia ya kisima, na visima vingi vya mji huu vina chumvi ambayo hata mtoto anaionja. Chumvi ile pamoja na metali mbili nilizozitaja, chuma chini na aluminiamu juu, ni karamu ya kutu. Kulanti si dawa ya barafu peke yake. Imetiwa viungo vya kuzuia metali zisiliwe, na huongeza kiwango cha kuchemka. Ndiyo maana gari likifunguliwa baada ya miaka mitano ya maji ya kisima unakuta mifereji imeziba kwa tope jekundu, na pampu ya maji mapanga yake yameliwa nusu.

Mwisho wa hadithi hii kila mmoja anaujua. Gari linachemsha kweli kweli, kwenye foleni, mama au baba amechelewa, anasema nitafika. Aluminiamu ikipata moto hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Hedi inajaribu kutanuka, boliti zimeishika kwenye chuma kisichotanuka kiasi hicho, basi inapinda. Gasketi inaachia. Maji yanaingia kwenye silinda au kwenye oili, moshi mweupe nyuma, oili rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo hesabu inapobadilika. Jamaa yangu mmoja wa Mbagala, mwaka 2022, alilipa shilingi 480,000 kwa kuchonga hedi na kubadili gasketi. Haikudumu kwa sababu hakuna aliyeuliza kwa nini gari lilichemsha mwanzoni. Miezi mitatu baadaye akanunua injini nzima ya mtumba kwa 1,600,000. Ile injini mpya nayo ilifungwa bila themostati. Katika daftari langu mimi, themostati, kifuniko na lita tano za kulanti vimeandikwa mwaka 2023 kwa jumla ya shilingi 78,000.

Atatokea mtu aseme: sawa, lakini kuangalia kunahitaji kompyuta, na kompyuta ni za gereji za wakubwa. Kwa magari mapya ni kweli kwa kiasi. Kwa gari hili ni uongo mtupu. Chini ya boneti kuna kikopo kidogo cha plastiki chenye kifuniko, ndani yake matundu yenye majina. Ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, ukafungua swichi bila kuwasha injini, ile taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kukonyeza macho kwa hesabu. Ikikonyeza mara mbili, ikapumzika, kisha mara mbili tena, hiyo ni 22, nayo inahusu kifaa kinachopima joto la maji. Toyota waliliweka hilo makusudi ili fundi asiye na mtambo wowote aweze kuzungumza na gari. Waya ni bure kabisa. Mama muuguzi aliuziwa kontroli boksi ya shilingi 250,000 bila mtu yeyote kuchukua waya na kuiuliza ile ya zamani kama ina malalamiko.

Yapo mengine ambayo siwezi kuyaeleza yote kwa kirefu. Mpira wa ekseli ya mbele ukipasuka, grisi inaruka nje na mchanga unaingia, na baada ya muda mfupi utasikia ka-ka-ka ukikata kona. Mpira ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili, jointi yenyewe ni bei ya kiroba cha mchele na zaidi. Bushi na bol jointi huliwa na matuta yetu, hilo halina ujanja, ila kuzibadili moja moja kwa kubahatisha, leo ya kulia, mwezi ujao ya kushoto, kisha alaimenti kila mara, ni kulipa mara mbili. Mkanda wa taimingi watengenezaji walisema ubadilishwe kila kilomita 100,000. Kwa injini hii ukikatika unalala barabarani tu. Ziko injini nyingine ambazo ukikatika valvu zinagongana na pistoni na injini imekwisha.

Na kuhusu hizo kilomita: wanaolalamika kwamba walidanganywa kwa kurudishiwa namba nyuma wana haki ya kulalamika, wizi huo upo. Lakini mara nyingi ushahidi ulikuwa pale pale siku ya kununua. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika karatasi ndani ya boneti au kwenye mlango kila zinapobadili mkanda au oili, zikiandika kilomita na tarehe. Mwaka huandikwa mara nyingi kwa hesabu yao ya utawala wa mfalme: katika enzi ya Heisei, iliyoisha mwaka 2019, ongeza 1988 na utapata mwaka wetu, kwa hiyo 15 ni 2003. Karatasi ikisema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 98,000 mwaka 2003, na dashibodi leo inasema 74,000, huhitaji mganga. Fundi aliyelipwa kuangalia angeisoma karatasi hiyo kwa dakika moja. Mnunuzi alikwenda na rafiki yake, wakapiga teke tairi, wakasema "injini yake tamu."

Breki naziweka peke yake, maana hapo hatuzungumzii fedha tena. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa taratibu, hata kama hukuvuja tone. Ile ya DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205. Ikishaingiwa na maji kiasi kidogo tu, asilimia 3 au 4, kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka 140. Sasa chukua Corolla yenye oili ya breki ya miaka minane, nyeusi kama kahawa, ipakie watu watano na magunia ya vitunguu, iteremshe Kitonga, mkoani Iringa, dereva akiwa ameshikilia breki badala ya kushusha gia. Diski zinawaka, oili inachemka ndani ya mabomba, panatokea mvuke, na mvuke hubonyea. Pedali inakwenda mpaka chini na gari haliulizi. Kesho yake itasemwa breki zilifeli, kana kwamba breki zina hiari. Chupa ya oili ya breki ni shilingi elfu chache. Kuitazama rangi yake ndani ya kile kikombe cheupe chini ya boneti ni sekunde tano. Lakini nani alipwe kwa kutazama kikombe?

Serikali zetu nazo zinaangalia mahali pengine. Kenya imepiga marufuku kuingiza gari lililozidi miaka 8, nasi huku likizidi miaka hiyo tunaliongezea ushuru kwa sababu ya uchakavu. Pande zote mbili zimehesabu umri wa gari linapoteremka melini, na baada ya hapo mtu anaweza kulitoa themostati, kulitia maji ya kisima na kuliendesha miaka kumi bila kubadili oili ya breki. Umri peke yake hausemi kitu. Corolla ya mwaka 1998 iliyoangaliwa ninaiamini kuliko gari la mwaka 2018 lililobahatishwa, na nipo tayari kuteremka nalo Kitonga yeyote atakapotaka.

Hoja moja naiheshimu. Watu wanasema: sisi ni maskini, hatuna elfu thelathini ya kumpa fundi achunguze, tuna elfu ishirini ya kubadili kinachoonekana, basi tunabadili. Najua hali hiyo, mshahara wa tarehe 25 hauna nafasi ya uchunguzi. Lakini tazama tena hesabu za mama muuguzi. Alilipa 48,000, kisha 60,000, kisha 180,000, kila mara akiamini kwamba anaokoa. Umaskini ndio sababu ya kutobahatisha. Tajiri anaweza kubahatisha, akikosa ananunua gari lingine. Wala sioni kwa nini majirani watano wenye magari ya aina moja wasimchukue fundi mmoja anayejulikana kwa jicho lake, wakampa kila mmoja elfu kumi na tano kila baada ya miezi mitatu, awe anapita Jumamosi moja kuyatazama yote, bila ruhusa ya kuuza kitu siku hiyo. Akiona kasoro aandike kwenye karatasi, spea anunue mwenye gari mwenyewe, dukani anakotaka. Mtaani kwetu tumefanya hivyo tangu mwaka 2019, tulianza watatu, sasa tuko saba. Mzee wa Ilala ndiye anayekuja, na hadi leo hajabadili injini ya mtu.

Wiki iliyopita shemeji yangu alinipigia simu. Ameona Corolla mahali fulani Kinondoni, nyeupe, safi, bei ya kuvutia, mwenyewe anasafiri na anataka fedha haraka. Nikamwambia kabla hajatoa hata senti ampe mzee yule shilingi elfu thelathini, aende naye, alitazame gari kwa saa mbili. Shemeji akanyamaza kidogo, kisha akasema atafikiri, maana elfu thelathini ni fedha nyingi na gari lenyewe amekwisha kuliona kwa macho yake.